Asubuhi Isiyo na Habari

Dirisha la kwanza lilifungwa kabla Hamidou hajafika kwenye kona. La pili lilifungwa alipoikata. Mbele yake mwanamke aliyekuwa akifagia uwanja alisimama, akauegemeza ufagio ukutani taratibu kama mtu anayelaza mtoto, akajifunika kichwa, akangoja. Hamidou alimpa salamu na kupita. Alipogeuka alimwona bado yupo palepale, mkono kifuani, akimtazama kwa macho ya mtu aliyeinuliwa kisu kisha kisu kikarudishwa alani.

Asubuhi ile hapakuwa na maiti. Hamidou alikuwa anatembea tu.

Tatizo lilikuwa hapo hasa, maana katika mtaa wa Mangarivotra, mjini Mahajanga, Madagaska, hakuna aliyewahi kumwona Hamidou akitembea tu. Riziki yake ilitoka kwenye cherehani, akishona kanzu na mashuka, lakini jina lake lilitoka kwingine. Alikuwa mpeleka misiba. Mtu akifa katika nyumba za Wangazija, kabla maji ya kuoshea hayajapata moto, Hamidou huitwa. Huvaa kanzu nyeupe na kofia, hushika njia kwa mwendo wa haraka, kwa kuwa maiti hacheleweshwi, na kila mlango huugonga mara tatu. Haingii. Haketi. Hanywi maji. Hutaja jina la marehemu na sala ambayo baada yake atazikwa, kisha huenda mlango unaofuata. Baba yake aliifanya kazi hiyo, na babu yake kabla ya baba. Milango ilikuwa sitini, naye aliijua kwa sauti: upi wa mbao nene, upi wa bati, upi unaolia kama kopo.

Watu walimpenda. Kwenye karamu walimtengea kipande cha nyama chenye mfupa mzuri. Ila kulikuwa na jambo moja ambalo hawakumfanyia kamwe: hawakumuuliza "habari gani?" Maneno hayo, ambayo wengine huyatupa njiani kama ganda la ndizi, kwa Hamidou yalikuwa swali kweli, na hakuna aliyetaka kulisikia jibu lake. Walimwamkia, wakamwombea heri, wakageuka upesi.

Halafu kulikuwa na zile siku za mwisho wa mwaka 1976, Wangazija walipowindwa na kuuawa mjini humo, siku ambazo waliosalimika hawazipi jina mbele ya watoto. Mji ulipotulia na miguu ikapata ruhusa ya kutoka, Hamidou alitembea siku tatu mfululizo hata nyayo zikavimba. Milango mingine aliigonga mara mbili kwa maiti wa nyumba hiyohiyo. Wengi waliosalia walipanda meli na ndege kurudi visiwani Komoro; wachache walibaki, na wengine walikwenda wakarudi. Kila aliyebaki aliujua mwendo wa Hamidou kama anavyoujua mlio wa radi.

Sasa ulikuwa mwaka 1987, na mwendo huohuo ndio ulioagizwa kuwa dawa yake.

Ilianza siku sindano ya cherehani ilipoonekana mbili. Alifumba macho, akafumbua, zikabaki mbili, na mkono wake wa kushoto ukawa mzito kama wa mtu mwingine aliyeusahau pale mezani. Hadjira, mkewe, hakubishana naye. Alifunga mlango wa chumba cha kazi, akamshika mkono ule mzito, akampeleka zahanati. Muuguzi aliitwa Zaïnaba, msichana mwembamba aliyezungumza Kimalagasi kilichochanganyika na Kifaransa. Alimfunga kitambaa cha kupimia presha mkononi, akakijaza upepo, akasikiliza, akakijaza tena.

"Kumi na tisa juu, kumi na moja chini," alisema. "Baba, una mtu katika ukoo wenu aliyelala upande?"

Alikuwapo. Kaka yake Mikidache, kule Antanimasaja, alianguka akiwa bafuni. Upande wake wa kulia ulikwenda zake, na maneno yakaondoka nao. Miaka mitatu alilishwa uji kwa kijiko huku akiwatazama watu kama anayewaona ng'ambo ya mto. Hamidou mwenyewe ndiye aliyegonga milango alipokufa.

Zaïnaba alimweleza kwamba vidonge huja mwezi mmoja na kukosekana miezi miwili, kwa hiyo asivitegemee peke yake. Apunguze chumvi, aache samaki wa kukausha, na zaidi ya yote atembee: saa nzima kila asubuhi, bila kukosa, kwa mwendo wa mtu aliyechelewa kidogo.

Hamidou alimwambia kuwa miguu yake hutembea kutwa nzima juu ya pedali ya cherehani.

"Hutembea," alisema Zaïnaba, "lakini haikupeleki popote."

Kwa hiyo alianza, na madirisha yakaanza kufungwa. Juma la pili alijaribu werevu. Aliacha kanzu, akavaa suruali fupi na shati la kazini. Mtaa mzima ukapigwa na bumbuazi, wakaamini umetokea msiba mkubwa hata Hamidou hakupata nafasi ya kuvaa. Akaigeuza njia, akaanzia mwisho wa mtaa; watu wa mwanzo wakadhani amewaruka, wakakaa na hofu mpaka adhuhuri wakimngoja arudi. Akatembea alasiri, wanaume watatu wakaacha kazi zao bandarini. Angeweza kwenda moja kwa moja kwenye barabara ya ufukweni ambako mji wote hupunga upepo, lakini kutoka nyumbani kwake mpaka huko, apite huku apite kule, kulikuwa na milango isiyopungua arobaini. Kuhama nako hakukuwezekana. Nyumba ilikuwa ya Hadjira, kama nyumba zote za Wangazija zilivyo za mabinti, na mume haibebi nyumba ya mkewe mgongoni.

Attoumane, muuza kahawa wa pale konani, alimbandika jina la Izraili Mstaafu. Alimshauri atembee akiimba. Tena alimlalamikia kwamba wateja wakimwona huacha vikombe nusu na kukimbilia nyumbani kuhesabu watu wao. "Hamidou, rafiki yangu," alimwambia, "ukitaka kupona wewe, sisi wengine tufe kwa moyo?"

Mzaha ulikwisha siku ya kumi na tisa. Koko Kouraichia alikuwa kibarazani pake akichambua mchele. Koko ni bibi, na yeye alikuwa bibi wa mtaa mzima. Alikuwa na wana wawili, na katika zile siku tatu Hamidou aliugonga mlango wake mara mbili kwa majina yao. Tangu hapo Koko hakuvuka kibaraza kile. Sokoni alituma mtu, harusini aliletewa sahani. Asubuhi hiyo Hamidou aliikata kona bila yeye kutarajia. Ungo ulimponyoka, mchele ukamwagika ngazi zote tatu, na yeye mwenyewe akateleza ukutani mpaka chini, kimya. Walimpepea, wakamnyunyizia maji. Alipozinduka, neno lake la kwanza lilikuwa, "Amebaki nani wa kufa kwangu?"

Mambo yalipelekwa kwa Fundi Boinali. Fundi ndivyo wanavyomwita mwalimu wa Kurani, na huyu alikuwa amewafundisha babu za watu. Umri wake hakuna aliyeujua, naye hakupenda kuulizwa. Aliwasikiliza waliosema Hamidou aache kutembea, akawasikiliza waliosema aache upelekaji misiba, apewe mwingine. Kisha akawaambia watoke, akabaki na Hamidou.

"Miguu ni yako na damu ni yako," alisema. "Sikukatazi. Lakini woga wa watu nao una haki zake. Nenda ukatafute mahali pa kusimama kati ya hizo mbili, mimi sijapaona." Akatabasamu bila meno. "Na siku yangu ikifika, usinikimbize. Maisha yote nimeharakishwa, na wazazi, na Wafaransa, na wanafunzi waliotaka kwenda kucheza. Nipeleke polepole."

Hamidou aliacha kutembea. Alirudi kwenye kiti chake, na mtaa ukapumua. Kwa miezi mitatu madirisha yalikuwa wazi na Attoumane aliuza kahawa yake yote. Sindano ikaanza tena kuonekana mbili. Zaïnaba alipima, akaiandika namba bila kuisema, na Hadjira, aliyeona namna kalamu ilivyosita, usiku huohuo alifungasha nguo za mumewe. Binti yao Faouzia alikuwa ameolewa kisiwani Nosy Be, kijiji cha Andilana, akifua mashuka ya hoteli. Hamidou alipakiwa kwenye meli ya mizigo kama gunia lenye anwani.

Andilana kulikuwa na mchanga mweupe ulionyooka mpaka kwenye miamba, na juu ya mchanga ule wageni wa hoteli walitembea. Hamidou aliwatazama siku mbili nzima. Walikwenda mpaka kwenye miamba, wakarudi. Hawakubeba kitu, hawakupeleka kitu, wala hakuna aliyewauliza wanakwenda wapi. Siku ya tatu alivua viatu akawafuata nyuma. Upepo wa bara ulileta harufu ya milangilangi, mchanga ulimeza kishindo chake chote, na kwa mara ya kwanza tangu aanze kuota ndevu Hamidou alitembea bila kusikika.

Alitembea hivyo wiki saba. Zahanati ya Hell-Ville, mji wa kisiwa hicho, ilimpima kumi na tano kwa tisa. Mkono wa kushoto ulirudi kuwa wake. Faouzia alimwambia abaki, amlete na mama, kuna chumba; naye alisema atafikiri, akijua tayari moyo wake umeelekea huko.

Lililomgeuza lilikuwa dogo. Njiani kwenda ufukweni alipita kila asubuhi nyumba ya mwanamke wa Kisakalava aliyekaanga ndizi. Mwanamke yule hakumjua ni nani. Kila alipopita alimwamkia kama Wamalagasi wote waamkianavyo, kwa kumuuliza kuna habari gani. Na jibu la salamu hiyo, asubuhi na jioni, mkiwa wazima au mkiwa na njaa, ni moja: hakuna. Siku ya kwanza Hamidou alisimama kama aliyepigwa kibao. Mtu amemuuliza yeye habari. Akajibu, "Tsisy," hakuna, na neno likatoka kwa shida kama mlango uliovimba kwa mvua. Siku ya pili likatoka kwa wepesi. Mwisho wa mwezi alijikuta akiamka mapema kwa ajili ya lile swali kuliko kwa ajili ya mchanga.

Asubuhi moja, mbele ya miamba, alihesabu. Katika umri wa miaka hamsini na minane amewaambia watu kifo maelfu ya mara. Kwamba hakuna aliyekufa, hajamwambia mtu hata mara moja. Aligeuka kabla ya kufika kwenye miamba.

Mahajanga alifika siku ya Alhamisi. Ijumaa, baada ya sala, alimtuma Hadjira atangulie kwa Koko Kouraichia akamwambie kwamba mumewe anakuja, anakuja kwa mguu, na haji na jina la mtu. Kisha akaenda, akakohoa kutoka mbali. Hakugonga. Koko alikuwa amekaa kwenye mkeka, nyuma kabisa ya kibaraza, mgongo ukutani. Alimwashiria kiti. Hamidou aliketi. Akaletewa maji, akanywa.

Kutoka kibarazani pale kona yote ilionekana wazi. Hamidou hakuwahi kuitazama kutoka upande huo.

"Mara mbili umegonga hapa na majina ya wanangu," Koko alisema kwa Kingazija cha zamani, kile cha taratibu, "na mara mbili hukuketi."

"Ni desturi, Koko."

"Naijua. Mimi nimeikuta kabla yako. Sikulaumu." Alipapasa mkeka kama anayetafuta punje ya mchele. "Wanasema usipotembea utakufa."

"Au nitalala upande, kama kaka."

"Na ukifa wewe, nani atakayepita kutuambia?"

Hamidou hakujua kama ni mzaha mpaka alipouona mdomo wake. Akacheka kidogo, naye Koko hakucheka, lakini mgongo wake uliondoka ukutani. Hamidou akamweleza basi habari za Andilana, za mwanamke wa ndizi na swali lake, na jibu lake. Koko alisikiliza hadi mwisho.

"Mtu akija mlangoni mwako kwa msiba tu," alisema, "na kila mara akakuachia maiti, huo mwendo wake mwingine utaujulia wapi? Pita kila siku. Anzia hapa kwangu. Nitakuuliza, nawe utanijibu."

"Na siku ambayo jibu litakuwa jingine?"

Koko aliitazama kona. "Siku hiyo nitakuwa na akiba ya asubuhi nyingi."

Siku ya kwanza alimuuliza akiwa amefumba macho na kucha zimeingia mkekani. "Habari gani?" Hamidou alisema, "Hakuna, Koko. Tumeamka sote." Alimsubiri afumbue macho ndipo akaenda. Jirani aliyesikia akauliza naye, kwa sauti ya kuiba. Mwezi haukuisha swali likawa limefika kwa Attoumane, na kwa Attoumane hakuna kinachobaki kama kilivyofika.

"Habari gani, Hamidou?"

"Hakuna."

"Hata mama mkwe wangu?"

"Hata yeye. Nimemwona anapika."

"Basi rudi tena jioni."

Hivyo ndivyo Hamidou alivyotembea mwaka mzima na zaidi. Milango sitini ilimchukua saa moja kasoro. Misiba ilitokea, lakini kwa bahati au kwa rehema ilitokea mchana au jioni, saa ambazo hazikuwa za matembezi, nayo ikapelekwa kwa kanzu na haraka kama zamani. Asubuhi iliyofuata watu walimuuliza tena, kwanza kwa hofu, kisha kwa mazoea. Wake za watu walianza kupanga siku zao kwa kupita kwake. Zaïnaba alimpima kumi na nne kwa tisa, akaisoma namba kwa sauti.

Kisha ikaja asubuhi ya mwezi Juni. Binti yake Fundi Boinali, mtu mzima mwenye mvi zake, alikuja mwenyewe mara tu baada ya alfajiri. Baba yake alikuwa amelala ubavu wa kulia, kiganja chini ya shavu, na hakuamka kwa adhana kama alivyozoea. Atazikwa baada ya adhuhuri.

Hamidou alivaa kanzu, akachukua kofia, akaketi tena kitandani. Hadjira alileta viatu, akaviweka mbele yake. Havikuguswa. Nje kuku walikuwa wamekwisha kutoka, na mtu fulani alikuwa akichota maji huku akiimba.

"Watacheka," Hamidou alisema. "Nitafika, wataniuliza huku wanacheka. Mtu anayecheka nitampigaje?"

Hadjira akakaa kando yake. Hamidou aliwaza madirisha. Yalifunguka moja moja kwa miezi kumi na minne, na leo yatafungwa yote kwa pumzi moja, na kesho atapita katikati ya mbao kavu. Akili ilimwambia akavue kanzu, amtume mwingine. Miguu haikusema kitu.

Mlango ukagongwa. Mara moja, mara mbili, mara tatu.

Damu ilivuma masikioni, na katika muda mfupi ule, kabla hajasimama, aliwapitia wote aliowapenda, mmoja mmoja, akiwagusa kwa akili kama anayehesabu watoto gizani: Faouzia, mumewe, wajukuu. Hivi ndivyo, aliwaza. Kumbe ni hivi.

Alifungua. Koko Kouraichia alisimama kizingitini, ameegemea fimbo, mtandio umepinda, vumbi la mtaa limepanda mpaka vifundoni. Kutoka kibaraza chake mpaka pale ni mwendo wa milango kumi na saba, na kwa miaka kumi na miwili hakuwa amepita hata mmoja.

"Jua limefika ngazi yangu ya pili," alisema. "Hukupita."

"Nisamehe, Koko."

Aliitazama kanzu. Aliitazama kofia mkononi. Hamidou alimwona akivuta pumzi na kuituliza, kama mtu anayeshika kamba vizuri kabla ya kuinua ndoo.

"Habari gani?" aliuliza.

"Fundi Boinali. Baada ya adhuhuri."

Midomo ya Koko ilitembea, ikimrejesha Fundi kwa Mwenyewe. Hakuketi chini. Alimtazama Hadjira, akamtazama tena Hamidou.

"Aliumwa?"

"Alilala tu. Hakuamka."

"Kitandani mwake."

"Kitandani mwake, Koko. Ubavu wa kulia."

"Basi amekufa kama watu," alisema polepole, na macho yakamjaa, na Hamidou akajua si kwa ajili ya Fundi peke yake. Koko akajipangusa kwa ncha ya mtandio. "Mimi umeshaniambia. Bado hamsini na tisa. Vaa kofia yako."

Walitoka pamoja. Hamidou alishika njia kwa mwendo wa kazi ile, mwendo wa baba yake, akasikia kanzu ikivutwa: Koko alikuwa ameukamata mkono wa kanzu hiyo, na mguu wa kizee haukuwa na haraka na mtu. Akapunguza. Akapunguza tena. Hatua na fimbo, hatua na fimbo. Hapo ndipo alipoyakumbuka maneno ya Fundi, na lile tabasamu lisilo na meno.

Konani Attoumane aliwaona, akainua birika, akafungua kinywa kuuliza. Akamwona aliyeshika mkono wa kanzu. Akalishusha birika juu ya meza bila kishindo, akasimama.

Dirisha la kwanza lilikuwa wazi. Mwanamke aliyekuwa ndani aliusikia mwendo, mzito kuliko wa kila siku na wa taratibu kuliko wa msiba, akaja kutazama. Akajifunika kichwa. Kisha akaegemeza viwiko vyote viwili juu ya kizingiti cha dirisha, akawangoja wafike.